Mtoto Aliyepanga kwa Mama Mkubwa

Mtaani walimwita Sponji, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi wa kuvalisha makochi. Mumewe, ambaye ni seremala, aliunda fremu za mbao kwenye chumba cha mbele cha karakana yao. Yeye kwenye chumba cha nyuma alifunga springi, akakata sponji, akavuta kitambaa na kukigongea misumari midogo, na jioni alitoka na chembe za sponji kwenye nyusi na kwenye mtandio. Watu walileta makochi yaliyozama katikati, wakaja kuyachukua yametunisha vifua. Kazi ilikwenda vizuri. Ndoa nayo ilikwenda vizuri. Palikuwa na jambo moja tu ambalo hawakulizungumza, kwa sababu kila mmoja aliogopa kumtonesha mwenzake.

Waliwahi kupata mimba, tena ikakua mpaka Seremala akaanza kuchonga kitanda kidogo. Asubuhi moja Sponji akaanguka karakanani, damu ikimtoka. Seremala alimbeba mikononi hadi kwenye gari la mteja aliyekuja kuchukua kiti chake, na mteja yule akaendesha kama mwendawazimu. Hospitalini walimwokoa Sponji, lakini mtoto hawakumwahi, na ili damu ikatike ilibidi wautoe mfuko wa uzazi. Alipozinduka alimkuta dada yake ameketi pembeni ya kitanda, amemshika mkono. Dada hakumpa pole. Alisema, "Upo. Tuanzie hapo."

Huyo ndiye Dada, na ndivyo alivyokuwa. Alifundisha udereva. Siku nzima alikaa upande wa abiria kwenye gari dogo lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa na breki ya pili miguuni pake, akiwaelekeza watu waliotetemeka, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Walisema gari likiwaka moto Dada atasema tu, "Egesha kando, fungua mlango, toka." Alikuwa na watoto wawili wakubwa wa sekondari, na mume kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele anazonyoa.

Miaka ikapita. Sponji alirudi hospitali kwa uchunguzi wa kawaida, akapangiwa daktari mpya wa wanawake, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Daktari alisoma picha zake, kisha akageuza kiti wakatazamana.

"Mfuko wa uzazi huna, hilo unalijua," alisema. "Lakini vifuko vyako vya mayai ni vizima. Vinafanya kazi."

"Vinamfanyia nani kazi?" Sponji aliuliza.

Daktari akatabasamu kidogo. "Kuna mtu aliwahi kukueleza njia zilizopo?"

"Sikuja kuuliza hilo, daktari."

"Najua. Ila nikinyamaza nitakuwa nimekunyima."

Basi akamweleza, taratibu, bila kupamba maneno. Mnaweza kuasili mtoto, akawa wenu kisheria sawa na wa kuzaa. Wapo pia wanaolea mtoto kwa muda tu, mpaka nyumbani kwao patulie. Na yupo mwanamke anayeweza kuwabebea: yai lako na mbegu ya mumeo vinaunganishwa maabara, vikishakuwa kiinitete, yaani chanzo cha mimba, kinapandikizwa kwake, anambeba mtoto na kumzaa, na mtoto ni wenu. "Na wapo wanaoamua kuishi wawili," aliongeza, "na wanaishi vizuri. Hiyo nayo ni njia, usije ukadhani ni kushindwa."

Sponji alimkuta mumewe akipiga randa. Akamwambia yote amesimama mlangoni, mkoba begani. Seremala akaiweka randa chini.

"Mimi nilidhani hutaki kulisikia hili," alisema.

"Na mimi nilidhani ni wewe usiyetaka."

Wakatazamana, kisha wakacheka kicheko cha watu waliotafuta ufunguo nyumba nzima kumbe uko mfukoni. Wiki haikuisha wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba kuasili. Afisa akaja kuwatembelea, akakagua chumba, akakaa kwenye makochi yote, akasema mlango wa karakana uwekewe komeo la juu kwa sababu ya misumari na mikasi. Seremala akaliweka siku hiyo hiyo. Kisha wakaambiwa wasubiri simu, na simu ikawa kimya.

Siku moja katika kule kusubiri, Dada alipita karakanani na gari la shule ya udereva kumpa Sponji lifti ya kwenda kununua vitambaa. Mwanafunzi alikuwa kwenye usukani, kijana wa benki, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Sponji akakaa nyuma. Njiani akajikuta anasimulia habari za daktari, pamoja na ile njia ya kubebewa, ambayo alikuwa ameipita harakaharaka kama mtu anayepita mbele ya duka asiloweza kuingia.

"Punguza mwendo, kuna kivuko mbele," Dada alimwambia mwanafunzi. "Nitabeba mimi. Washa taa ya kushoto."

Gari likazimika katikati ya barabara.

"Umeachia klachi mapema," Dada alisema. "Washa upya, usiwasikilize wanaopiga honi."

"Dada, umesema nini?" Sponji aliuliza kutoka nyuma.

"Umenisikia. Nimezaa mara mbili bila tabu, nina afya, na nadhani sijafikisha umri wa kukataliwa. Ulipokuwa umelala pale hospitali nilimwomba Mungu anionyeshe cha kukufanyia, na miaka yote hii sikuona kitu. Sasa nimekiona." Akamgeukia mwanafunzi. "Na wewe, ulichosikia humu ni cha humu."

Mwanafunzi akaitikia kwa kichwa, macho barabarani. Sponji alilia mpaka dukani, akachagua vitambaa bila kuviona, na makochi ya mteja mmoja yakatoka na rangi ambayo hakuagiza.

Lakini Dada hakuwa peke yake nyumbani kwake. Jioni moja ya Jumapili wakakaa wanne sebuleni kwa Dada, na Kinyozi, mtu wa maneno mengi, hakuwa nayo. Alikuwa akizungusha glasi ya maji mkononi.

"Shemeji," hatimaye alimwambia Sponji, "mimi nashinda na watu kwenye kiti changu. Nayajua watakayosema kabla hawajayasema. Hayo siyaogopi, maneno ya watu nayafagia kila jioni pamoja na nywele zao."

"Sasa unaogopa nini?" Seremala aliuliza.

"Nilikuwepo hospitali siku ile, mwanyumba." Hivyo ndivyo wanaume hao wawili walivyoitana, kwa kuwa walioa ndugu. "Nilimwona mkeo alivyotolewa kwenye gari. Na nilikuona wewe. Huyu wangu akipatwa na yale, mtanirudishia nini?"

Sponji alihisi uso unamwaka. Katika kushukuru kwake kote hakuwa amejiuliza hilo hata mara moja. Akasema, "Shemeji, una haki. Tukiliacha hapa hapa sitamnunia mtu. Kule kuambiwa tu 'nitabeba mimi', nimeshapewa kitu."

Dada akataka kusema, Kinyozi akamzuia kwa mkono. "Sijakataa. Nataka nimwone huyo daktari. Nataka nimuulize mimi mwenyewe, na nikienda kliniki nisiambiwe nisubiri nje."

Wakaenda wote. Kinyozi aliuliza maswali mpaka miwani ya daktari ikapanda na kushuka mara nyingi. Daktari hakumficha hatari yoyote, wala hakuikuza. Dada akapimwa kila kitu cha kupimwa. Wakazungumza na mshauri, kila mmoja peke yake na wote pamoja. Wakakubaliana mbele ya mwanasheria. Mwisho Kinyozi akasema, "Haya. Lakini mwaka huu simnyoi mtu Jumatano, Jumatano ni kliniki."

Mara ya kwanza mimba haikushika. Sponji alijifungia chumba cha nyuma, akajifanya anakata sponji. Dada akaja, akaketi juu ya fremu isiyovalishwa bado.

"Hata mtihani wa udereva wengi hawapiti mara ya kwanza," alisema. "Tunarudia."

Mara ya pili ikashika.

Hapo Sponji akawa hakaliki. Asubuhi yuko kwa Dada kuuliza kama amelala vizuri; mchana anapiga simu kuuliza kama amekula; jioni analeta uji na matunda, mto wa mgongoni, mto wa miguuni, mto wa kushikilia mito mingine. Alimvalishia upya makochi yote. Alitaka kumfulia, kumfagilia, kumfunga viatu. Ndani yake kulikuwa na deni lisilo na pa kulipia, na kila alipoliona tumbo la dada yake limeongezeka, deni nalo liliongezeka. Dada alivumilia wiki kadhaa. Kisha siku moja akamketisha.

"Mdogo wangu," alisema, "nimembeba mtoto wako, sijakubeba wewe. Ukitaka na wewe ubebwe, ngoja huyu atoke kwanza."

Kinyozi, aliyekuwa akila matunda yaliyoletwa, akacheka mpaka akapaliwa. Sponji naye ikabidi acheke, ingawa alikuwa amekwazika kidogo. Tangu hapo akapunguza miguu, na wakakubaliana Jumatano tu, siku ya kliniki, ndiyo ya kumshughulikia Dada kupita kiasi.

Maneno ya watu yalikuja kama Kinyozi alivyotabiri. Mteja mmoja wa siku nyingi, ameketi kitini, shingo imepakwa povu, akasema kwa utani, "Nasikia siku hizi nyumbani kwako mnalea mimba za watu." Kinyozi alikuwa ameshika wembe. Hakukasirika. Aliusimamisha wembe hewani, akamwangalia mteja kwenye kioo, akasema taratibu, "Mke wangu anambebea mdogo wake mtoto. Ulitaka kuuliza kitu, au niendelee?" Mteja akasema aendelee. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima kabla ya jua kuzama, na kuanzia hapo wengi wakawa wanauliza hali ya Dada kwa heshima.

Tumbo la Dada lilipokuwa limeshafika pale ambapo hafikii tena breki ya pili, shule ikamhamishia darasani, akawa anafundisha alama za barabarani kwa vigari vya watoto juu ya meza. Ndipo simu ya Sponji ilipoita. Alikuwa ameng'ata misumari, akaitema mkononi apate kupokea. Alikuwa yule afisa wa ustawi wa jamii.

"Yupo mtoto wa kike," afisa alisema. "Ana miaka minne. Njooni mumwone, halafu muamue. Nyinyi bado mnataka?"

Walikuwa wamesahau kabisa kwamba bado wanasubiri simu hiyo. Seremala akasema, "Tukamwone." Sponji akasema, "Tukimwona tumekwisha." Wakaenda.

Mtoto alikuwa kwenye makao yenye uwanja wa saruji na bembea moja. Hakuwakimbilia wala hakuwakimbia. Alisimama mbele ya Sponji, akamchunguza uso muda mrefu, kisha akanyoosha kidole, akaiondoa chembe ya sponji kwenye unyusi wake, akaitazama, akaitia mfukoni mwa gauni.

"Ni ya nini hii?" aliuliza.

"Ya makochi," Sponji alisema.

Walishauriana kwenye benchi la nje. Seremala hakuwa na la kushauriana. Alikuwa ameshaanza kupima kwa mikono urefu wa kitanda. Aliyekuwa na wasiwasi ni Sponji. Angemwambia nini Dada? Mtu amekubali kuchomwa sindano, kutapika, kuhama gari lake na kulala upande mmoja, halafu mdogo wake aende kuchukua mtoto kwingine, kana kwamba yule wa tumboni hakutosha.

Alikwenda kumwambia siku hiyo hiyo, akazunguka sana, akaanza na habari za vitambaa. Dada akamkatisha.

"Una jambo. Liseme."

Akalisema. Dada akaweka mkono juu ya tumbo. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Kwa hiyo mimi nimejaza miguu hivi, na wewe wa kwako anakuja anatembea mwenyewe?"

"Dada, kama unaona vibaya..."

"Nione vibaya nini? Mtoto wa miaka minne anasubiri, na wewe unakuja kunihadithia vitambaa? Nenda kamlete. Nataka huyu wa ndani akifika akute kuna mkubwa wake wa kumgombeza."

Taratibu zikafuata, afisa akaja na kuondoka, na hatimaye msichana akahamia, na begi dogo na mwanasesere asiye na mkono. Siku za mwanzo alikula kila kitu kimyakimya na kuomba ruhusa hata ya kunywa maji. Alikuwa akilala karakanani mchana, ndani ya kochi lisilomalizika, kelele za nyundo zikimwimbia. Kidogo kidogo akaanza kuuliza maswali, na alipoanza hakuacha.

Swali lililowamaliza wote alimuuliza Dada. Walikuwa wamekwenda kumtazama, na Dada alikuwa amenyoosha miguu juu ya stuli. Msichana alisimama kando ya tumbo.

"Mama mkubwa, humo kuna mtoto wako?"

"Hapana. Humu kuna mdogo wako. Ni mtoto wa mama yako."

Msichana akamtazama Sponji, akalitazama tumbo, akaona hesabu haikubali. "Sasa kwa nini yuko kwako?"

"Nyumba ya tumboni kwa mama yako iliharibika zamani," Dada alisema. "Mimi nilikuwa na chumba kitupu. Basi amepanga kwangu, akishakua kidogo atahamia kwao."

Msichana akafikiri. Wote wawili walimwona anavyofikiri, mdomo umebana. Kisha akasema, bila huzuni, kama mtu anayekumbuka kitu, "Na mimi nilipanga."

Dada, ambaye sauti yake haikuwahi kupanda wala kushuka, alikosa sauti. Sponji akapiga magoti, akamvuta mtoto karibu.

"Ndiyo," alimwambia. "Na wewe ulipanga. Kwa mama aliyekubeba. Mimi simjui, lakini kila siku namshukuru."

"Umemwambia?"

"Sijui alipo, mwanangu."

"Basi mwambie mama mkubwa," msichana alisema, akaona hilo limekwisha, akaenda kucheza na vigari vya alama za barabarani ambavyo Dada alikuja navyo kutoka darasani.

Dada alijifungua mchana, wiki moja kabla ya siku iliyotarajiwa, mvua ikinyesha. Sponji alikuwa ndani naye, amemshika mkono, na Dada akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nje Kinyozi na Seremala walikaa bega kwa bega, mmoja akiongea bila kupumua, mwingine hajibu kitu. Mkunga alipomwinua mtoto, wa kiume, mwenye hasira na sauti ya kutosha, alitaka kumweka kifuani kwa Sponji kama walivyokubaliana. Sponji akasema, "Aanze na mama yake mkubwa." Dada akampokea, akamwangalia toka utosini hadi kwenye nyayo, akambusu, akasema, "Umefika. Shuka." Ndipo akamkabidhi.

Seremala alipoitwa ndani hakuthubutu kumshika mtoto mpaka alipokwisha kunawa mara mbili. Kinyozi yeye alipita moja kwa moja hadi kitandani kwa mkewe, akaweka paji la uso begani pake, akakaa hivyo hivyo, na kwa mara ya pili katika habari hii hakuwa na neno.

Wengi wakisimulia mambo ya namna hii huishia hapo. Lakini siku zilizofuata Dada alikuwa mzito. Maziwa yalimjaa, akawa anayakamua kwa ajili ya mtoto, Sponji anakuja kuyachukua. Alisema hamtaki mtoto, tena alisema kweli, alikuwa na wake na alitaka kurudi kwenye gari lake. Ila mwili, alisema, haukupewa taarifa. Mwili ulikuwa unatafuta mtu. Daktari akasema ni kawaida, litapita, asiachwe peke yake. Basi Sponji akawa anahamia kwa Dada kila siku na familia nzima, mtoto mgongoni, msichana mkononi, na wakati mwingine hata kazi, viti vidogo vya kuvalisha, akagonga misumari kwenye veranda ya Kinyozi. Hakuuliza tena amekula nini. Walikaa tu pamoja. Dada akitaka kulia alilia, akitaka kumshika mtoto alimshika, akichoka alimrudisha. Na lile deni ambalo Sponji alilibeba miezi yote ile alilitafuta siku moja ndani yake asilione. Palikuwa na shukrani tu, nyepesi, isiyomdai kitu.

Mchana mmoja watoto wamelala, Dada amejilaza ubavu kwenye kochi, Sponji akasema, "Dada, mimi mpaka leo sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru leo, nimechoka," Dada alisema, amefumba macho. "Nikune mgongo."

"Wapi?"

"Juu. Kushoto. Hapo hapo, usihame."

Sponji akamkuna. Nje Seremala na mwanyumba wake walikuwa wakibishana namna ya kupitisha mlangoni kitanda kipya ambacho watoto watalalia mchana kwa Dada, na msichana, aliyekuwa ameamka bila mtu kujua, alikuwa akiwaelekeza kwa sauti isiyopanda wala kushuka.